Mbuzi wa Ntheo, na Gari Lililokunywa Mafuta ya Taa

Nyinyi wawili mliniuliza Jumatatu pale mferejini, "Kwani mbuzi walifika?" Nikajibu, "Walifika," kengele ikalia, mkadhani naringa. Siringi. Mnanijua, nikianza kusema mbele ya watu maneno hunikwama kooni kama nyama ya shingo. Kwenye karatasi ninaweza. Basi someni hapa, ila msinisomee kwa sauti.

Kwa wewe Wanjiru, ambaye si Mkamba, nieleze kwanza. Ntheo ni mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana, na wakishapokewa ndipo anakuwa mke wa mtu. Kabla ya hapo, hata kama anaishi na kaka yako na wana kitanda na redio, bado ni binti wa baba yake, na mtoto atakayemzaa ni wa huko kwa baba yake. Hata jina atapewa la huko. Akiwa wetu, msichana wa kwanza angeitwa jina la mama yangu. Akiwa wao, angeitwa jina la mama yake Kavata.

Kavata ndiye msichana wa kaka yangu Musyoki. Alikuwa amerudi kwao, ng'ambo ya Kangundo, kungoja kujifungua. Kwa nini mbuzi walikuwa hawajapelekwa hadi wakati huo ni mambo ya wakubwa, siyajui yote. Ninalojua ni kwamba baba yake, Mzee Mutiso, alituma neno kwa dereva wa lori: "Mtoto akitangulia mbuzi, mtoto ni wetu." Tangu neno hilo lifike, Musyoki alikuwa akiacha ugali nusu kwenye sahani, na mnajua Musyoki na ugali.

Mama alibaki na mdogo wetu aliyekuwa na surua. Baba akasema mbuzi wa ntheo hawatoki nyumbani bila mwanamke wa nyumba hiyo kuwasindikiza. Mwanamke mwenyewe nikawa mimi.

Jericho: Shosho anakataa kuamka

Gari letu mnalijua. Ndilo lile la bluu ambalo vijana wa pale mtaani Jericho wanaliita Shosho kwa sababu asubuhi hukohoa kama bibi kizee kabla ya kusimama. Baba alilinunua kwa Mhindi aliyekuwa bosi wake ofisini, na hamruhusu fundi yeyote kulishika ila akiwa amekwama kabisa. Musyoki amejifunza kidogo kwa kumchungulia Baba. Mimi nimejifunza kwa kusikiliza, maana kazi yangu siku zote ni kushika tochi na kunyamaza.

Jumamosi hiyo Baba alizungusha ufunguo, Shosho akasema "nge," basi. Akazungusha tena. Kimya.

"Betri," Musyoki akasema.

"Najua ni betri. Betri ina nini, ndilo swali."

Wakafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wenye rangi ya kijani kidogo, kama ukungu wa mkate. Baba alinituma maji ya moto. Nilichukua birika la chai la Mama, nikamimina polepole juu ya ule unga, ukachemka ukayeyuka. Musyoki akakwangua vichwa kwa kisu, akakaza nyaya. Stata ikajaribu, lakini nguvu hazikutosha.

Ikabidi asukumwe. Kutokea ngazini wakaja vijana wanne, wale wale wa kila siku.

"Baba Musyoki, shosho huyu umpeleke makaburini akazikwe!"

"Sukumeni, acheni mdomo."

"Tunasukuma, mzee, lakini nyama zikiiva huko utukumbuke hata na mfupa!"

Musyoki alikuwa amevaa suti, akavua koti akasukuma na wao. Baba akaachilia klachi kwenye gia ya pili, Shosho akaruka kama aliyechomwa sindano, akawaka. Injini ilipoanza kuzunguka nilisikia mlio mwembamba, kwiii, kama mtoto anayelia mbali, kisha ukaisha. Sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza.

Majengo hadi Eastleigh: naigiza mlio mbele ya watu

Mbuzi walikuwa Majengo, nyuma ya nyumba ya rafiki ya Baba anayeuza nguo Gikomba. Walikuwa watatu: beberu mweusi mwenye kiburi na majike wawili, mmoja akiwa na sikio moja jeupe. Tuliondoa kiti cha nyuma tukatandika magunia, mimi nikakaa nao. Kabla hatujafika barabarani beberu alikuwa amekula ncha ya tai ya Musyoki, aliyokuwa ameiweka kando isichafuke.

"Sasa nitavaa nusu tai?"

"Ifunge fupi," Baba akasema. "Wakwe watadhani ni mtindo wa mjini."

Eastleigh, First Avenue, tulikwama. Mbele yetu mkokoteni wa mitumba ulikuwa umepinduka, na magari yote yakasimama yakipiga honi kana kwamba honi huokota nguo. Niliona mshale wa joto ukipanda. Nikamgusa Baba begani nikamwonyesha kwa kidole. Akazima hita ambayo haijawahi kufanya kazi. Kisha mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, tukasukumwa hadi kando, mbele ya kibanda cha fundi mmoja kijana aliyevaa ovaroli iliyokuwa nyeusi kwa oili.

Musyoki akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha redieta. Fundi alimpiga kofi la mkono, si la utani.

"Unataka kurudi kwenu bila uso? Ngoja ipoe."

Jina lake lilikuwa Kamau. Wakati tukingoja alimuuliza Baba, "Mzee, imekuwa ikisema aje?"

Baba akaeleza habari ya betri. Musyoki akasema shida ni maji. Wakaanza kubishana, mmoja betri, mwingine redieta, Kamau akiwaangalia tu. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika kamba tatu za mbuzi.

"Na wewe, siz? Umesikia mlio wowote?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Mlio gani?"

Hapo mnijuavyo nyinyi. Watu walikuwa wamesimama, kuna mama wa ndizi, kuna makanga, kuna watoto waliokuja kuona mbuzi. Nilitaka ardhi ifunguke. Lakini nilimwona Musyoki akitazama jua lilipofika, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu kitu kisichohesabika. Nikafumba macho.

"Kwiii," nikasema. "Kwiii, kwiii, halafu inanyamaza."

Wakacheka wote. Makanga mmoja akanijibu kwa "kwiii" yake. Kamau hakucheka.

"Inalia wakati wa kuwaka, ama ukikanyaga mafuta?"

"Wakati wa kuwaka."

Akainama, akabonyeza mshipi wa feni kwa kidole gumba. Ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. "Ni hii belti. Imelegea. Haizungushi dainamo vizuri, ndiyo betri haijai. Haizungushi pampu ya maji vizuri, ndiyo anachemka. Nyinyi mnagombana ni ugonjwa gani, na ni mmoja tu."

Akalegeza nati ya dainamo, akaisukuma nje kwa bomba la chuma, akakaza. Akazungusha belti aone upande wa ndani. Ilikuwa na nyufa.

"Itawafikisha," akasema, "lakini msimkimbize. Na mzee, betri yako bado iko na njaa. Usizime injini mpaka umetembea mbali."

Hilo la mwisho Baba alilishika kama amri ya Musa. Ndilo lililotuponza.

Komarock: "Ya nyumbani?"

Tulipita vituo vya petroli bila kusimama, maana kituoni lazima uzime injini, na Baba alikuwa ameapa kutozima hadi Tala. Barabara ya Kangundo ilikuwa na upepo, mbuzi wakatulia, Musyoki akaanza hata kupiga mluzi. Tulipofika Komarock, pale wanapojenga zile nyumba mpya, mshale wa petroli ulikuwa umelala chini kabisa. Kumbe foleni ya Eastleigh ilikuwa imekunywa.

Kulikuwa na duka la mabati kando ya barabara, wajenzi wakinywa chai. Baba akasimama, injini ikinguruma.

"Mwikali, chukua mtungi. Muulize mama kama ana mafuta. Mimi siachi akseleta, na Musyoki ashike beberu. Haraka."

Nikaenda. Wajenzi wakaniangalia. Mmoja akasema, "Sasa, mrembo?" nami nikasahau hata salamu. Nikaweka mtungi juu ya kaunta.

"Mafuta," nikasema.

Mama wa duka alikuwa mnene, mwenye leso kichwani, mikono yake ikipima sukari kwa mtu mwingine. Aliniangalia, akaangalia mtungi. "Ya nyumbani?"

Mnaona? Sisi watu wa mitaa ya Nairobi tukisema nyumbani tunamaanisha wapi? Si Jericho. Nyumbani ni kule tunakoenda Krismasi. Nilidhani mama ameona mbuzi, ameona suti, anataka kujua kama tunasafiri. Nikafurahi kwamba ameuliza swali rahisi.

"Ndiyo," nikajibu, "tunaenda nyumbani."

"Haya, mwende salama." Akaingia nyuma na mtungi, akarudi nao umejaa.

Musyoki akashika akseleta, Baba akaumimina wote tangini akiwa amegeuza uso, maana beberu alikuwa amepitisha kichwa dirishani karibu kabisa na shavu lake. Na tangu Majengo gari zima lilinuka beberu. Harufu ya kitu kingine chochote isingenusika.

Kamulu: ugonjwa usiojulikana

Njiru tulipita vizuri. Baada ya hapo Shosho akaanza kugonga ndani, tak-tak-tak, kila Baba alipokanyaga. Kilima kidogo tu, anapoteza nguvu. Karibu na Kamulu akapiga chafya mbili, akazima. Kimya cha mahali pale kilikuwa kikubwa, ni majani tu na ndege.

Musyoki alivua koti tena. Alitoa plagi zote, akazipangusa, akazipuliza. Zilikuwa zimelowa. Akasema ni moto hafifu. Baba akasema ni kabureta, ina uchafu. Wakafungua kabureta juu ya gazeti. Ilikuwa safi. Wakasugua na pointi za distributa kwa upande wa kiberiti. Wakafunga, wakapiga stata. Ikawaka kidogo, ikatoa moshi mweupe mzito, ikafa.

"Ni gasketi," Baba akasema kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia na sauti hiyo. Gasketi ya silinda ikiungua safari imekwisha, hiyo hata mimi naijua.

Musyoki alikaa chini kando ya tairi. "Leo asubuhi mtoto angekuwa bado hajazaliwa," akasema. "Hata mchana angekuwa bado. Sasa sijui."

Nikaona afadhali niwatoe mbuzi wale majani, wasije nao wakafa ndani. Nikawafunga mbali kidogo, upepo ukitoka upande wa gari kuja kwangu. Baba akajaribu stata mara nyingine, betri sasa ikiwa na nguvu, na moshi ukanijia usoni.

Niliujua. Niliujua hata kabla sijafikiri. Ni ile harufu ya jikoni kwetu asubuhi, Mama anapozima stovu kwa kupuliza tambi.

Nilirudi nikasimama karibu na Baba. "Baba, inanuka stovu."

"Nini?"

"Moshi. Unanuka kama stovu yetu."

Baba akanitazama. Akaenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, akaweka pua. Akaweka pua tena. Kisha akauchukua ule mtungi akaunusa, akampa Musyoki, naye akaunusa.

"Mwikali. Pale dukani ulisema nini?"

"Nilisema mafuta. Akauliza, ya nyumbani. Nikasema tunaenda nyumbani."

Mtoto wa kike, mtungi mkononi, anasema mafuta, tena ya nyumbani. Kuna mwenye duka gani mtaani kwetu angempa kitu kingine isipokuwa mafuta ya taa? Nilikuwa nangoja nichapwe kwa maneno. Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika boneti. Musyoki naye, aliyekuwa karibu kulia, akacheka akiwa bado amekaa chini.

"Si gasketi," Baba akasema akijipangusa macho. "Mungu ni mkubwa. Si gasketi! Shosho amepewa mafuta ya taa, akatembea nayo hadi hapa!"

Musyoki alidandia lori la mchanga kurudi kutafuta petroli. Baba na mimi tukabaki. Chini ya tangi kuna nati ya kumwagia. Baba alilala chali akaifungua, nami nikakinga kwa sufuria tuliyobeba ya maji. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia shamba la karibu alikuja kuona watu wanaokamua gari. Baba alipomweleza, alipiga makofi.

"Hayo mafuta hamtayamwaga bure?"

"Yana petroli ndani, mama. Usiyatie kwenye stovu wala taa, yatakulipukia. Nitayafukia."

"Basi kuleni mahindi kwanza, mfukie mkiwa na nguvu."

Akatuletea mahindi ya kuchemsha, ya moto, na chumvi kwenye jani la mgomba. Sijala mahindi matamu kama yale.

Tukila, Baba akasema, "Unajua kwa nini nilikuambia uje?"

"Kwa sababu Mama hakuweza."

"Ningeweza kumchukua shangazi yako. Shangazi yako angesema njia nzima. Anasema vizuri. Lakini hasikii kitu." Akatafuna. "Ila Mwikali, mtu anayesikia bila kusema, wenzake watafungua kabureta safi."

Nimelifikiria sana neno hilo. Hakuwa amekasirika, na ndiyo maana liliingia.

Tala

Musyoki alirudi na petroli, akainusa mbele yetu kabla ya kumimina. Tukakausha plagi kwa moto wa majani, Shosho akawaka, akatoa moshi mweupe kidogo kama anayeaga, kisha akanyooka.

Tala tulisimama kununua sukari na majani ya chai ya wakwe, zamu ya kuacha injini ikinguruma ikiwa ya Musyoki. Mwanamke mmoja sokoni alimtambua Baba. Anatoka kijiji kimoja na kina Kavata.

"Ni nyinyi mnaokwenda kwa Mutiso? Basi endesheni. Msichana ameshikwa na uchungu tangu kuku wawike. Mkunga yuko ndani. Na wazee wameshakaa uani, wanangoja kuona ni nani atatangulia."

Baba aliacha sukari kwenye kaunta. Mimi ndiye niliyeichukua.

Mtoni: mbuzi mmoja tu anakubali kutembea

Baada ya Kangundo tuliacha lami. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na lile daraja la chini, la saruji, lilikuwa na maji yanayopita juu yake, mekundu, si mengi sana. Baba alisimama, akatazama. Kwa kawaida angengoja. Hakungoja.

Tulifika katikati, maji yakarushwa na feni juu ya injini, Shosho akasema "puf" akanyamaza. Tulishuka tukasukuma, maji yakifika magotini, mbuzi wakilia ndani kama watoto wa chekechea. Tukalifikisha ng'ambo. Musyoki akafungua kifuniko cha distributa, kikombe kile cheusi chenye nyaya, kikatoka maji. Vyote vilikuwa vimelowa, nyaya, koili, plagi, na kila nguo tuliyokuwa nayo ilikuwa imelowa pia.

"Itakauka," Musyoki akasema. "Lakini si sasa hivi."

Kutoka pale hadi kwa kina Kavata ni kilima kimoja kirefu. Unaona miti ya kwao juu.

"Niende na mbuzi kwa miguu," Musyoki akasema.

"Bwana harusi hajipelekei ntheo," Baba akasema. "Ukiingia uani na kamba mkononi watacheka mpaka wajukuu wako wasikie. Na mimi goti langu, nikipanda kilima hiki nitafika kesho."

Wote wawili wakanigeukia.

"Sijui kusema, Baba."

"Husemi kitu. Unafika, unampa mtu kamba. Sisi tunakuja."

Tulijaribu kuwatoa wote. Beberu akalala chini akawa jiwe. Jike mmoja akafuata beberu. Yule wa sikio jeupe peke yake ndiye aliyenifuata, na hakuhitaji hata kuvutwa. Tulipanda tukikimbia tulipoweza, tukitembea tulipochoka, viatu vyangu vya shule vikinisemea kwa maji ndani yake.

Uani kwa Mzee Mutiso

Wazee walikuwa wamekaa kwenye vigoda, watano au sita. Mzee Mutiso nilimjua kwa kofia, Kavata alikuwa ametusimulia. Wanawake walisimama mlangoni pa nyumba ndogo ya kando. Mazungumzo yakakoma nilipoingia. Nilikuwa na matope hadi kiunoni.

"Wewe ni wa nani?" Mzee Mutiso akauliza.

"Wa kina Musyoki."

"Baba yako yuko wapi?"

"Mtoni. Gari limelowa."

Mzee mmoja mwembamba akatema mate pembeni. "Wamemtuma mtoto wa shule na mbuzi mmoja. Mutiso, hawa watu wanakucheka."

"Mbuzi ni watatu," nikasema, lakini sauti ilitoka ndogo, nadhani ni mbuzi tu aliyeisikia.

Nilimnyoshea Mzee Mutiso kamba. Hakuinua mkono. Akasema bila ubaya, kama mwalimu anayeeleza, "Binti, ntheo haipokewi kutoka mkononi mwa mtoto. Kaa hapo ungoje baba yako."

Ndani ya ile nyumba Kavata akapiga kelele, ya chini, ya mtu aliyeuma kitu. Wanawake wakaingia mbio. Nilielewa kwamba Baba hatafika kabla ya mtoto. Nilielewa pia kwamba nikikaa pale nilipoambiwa, kimya na kwa adabu, kila mtu baadaye atasema mbuzi hawakufika, na itakuwa kweli.

"Basi msimpokee," nikasema.

Safari hii walisikia. Hata mimi nilisikia.

"Msimpokee. Nitamshika mimi mwenyewe mpaka Baba aje. Lakini mwoneni. Huyu ni mbuzi wa kwetu na amesimama kwenu. Naomba mtu mmoja tu aseme amemwona, sasa, kabla mtoto hajalia."

Yule mwembamba akafungua mdomo, akaufunga. Mzee Mutiso alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo. Mbuzi akaanza kula majani ya paa la banda lao.

Mlangoni akatokea mwanamke mzee sana, kanga kifuani, mikono imelowa. Ni susu yake Kavata, mama yake Mzee Mutiso. Aliinamisha kichwa akanitazama, akamtazama mbuzi.

"Mimi nimemwona," akasema. "Ana sikio jeupe. Na anamaliza paa langu."

Akarudi ndani. Sijui ni muda gani ulipita. Mtoto akalia.

Baada ya hapo yalikuwa makelele. Mwembamba anasema ntheo ni mbuzi watatu, mmoja si ntheo. Mwingine anasema mguu wa kwanza ukishaingia nyumbani, mtu ameingia. Wakamuuliza Mzee Mutiso, akasema alishatamka neno lake na hawezi kulila, lakini neno lake lilikuwa "mbuzi," hakutaja wangapi. Wakaenda nyuma ya nyumba kusemezana. Katikati ya hayo nikamsikia Shosho akipanda kilima, akikohoa, kisha Baba akaingia uani akichechemea na beberu, Musyoki nyuma yake na jike wa pili na tai yake fupi. Musyoki alisimama getini hakusogea. Alinitazama tu, akiniuliza kwa macho.

Wazee walirudi wakakaa. Hakuna aliyetuambia tuketi. Mzee Mutiso akasema, "Tumemwachia aliyeona."

Mlango ukafunguka. Susu alitoka polepole, akishika ukuta. Hakumwendea Baba, wala Musyoki. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa, akanichukua ile kamba mkononi, akaizungusha kwenye kiganja chake.

"Ni msichana," akasema. "Wewe wa kamba. Mama yako anaitwa nani?"

"Ndinda," nikasema.

"Sema vizuri, masikio yangu ni ya zamani. Na mwanangu yule naye asikie."

Nikasema tena kwa sauti, uani wote ukasikia, na susu akageuka akaingia ndani kumwita mtoto kwa jina hilo.